Kanda Sita, Vipande Saba

Kabla sijamwona mama mdogo nilisikia kitambaa kikichanwa. Nilikuwa bado uani, begi begani, vumbi la Koboko limenikauka kooni, na ule mlio ukatoka ndani ya chumba cha cherehani: mrefu, mkavu, ulionyooka. Kisha kimya. Kisha mwingine wa urefu uleule. Watu wengi hudhani kila kitu cha mshonaji hukatwa kwa mkasi. Mama mdogo, ambaye ni mdogo wa mama yangu wa tumbo moja, akitaka ukanda ulionyooka kabisa hugusa ncha tu kwa mkasi, halafu huchana kwa mikono, na kitambaa chenyewe hufuata uzi wake hadi mwisho.

"Mkasi iko inafuata macho," huwaambia wasichana wake. "Na macho yenu mimi najua inaangalia wapi."

Wasichana hucheka. Wanatoka Dranya, wanatoka Abuku, wengine wanatoka hapa hapa mjini, na kwa miaka kumi na mmoja amewafundisha kupima, kuchana, kupinda na kushona katika chumba kile chenye cherehani tisa na dirisha moja. Zipo nguo za shule katika wilaya nzima ambazo ukizigeuza ndani nje utaona mkono wake, hata kama aliyezishona hajamwona kwa miaka mitano.

Siku hiyo alikuwa ameniita. Mimi ninaishi Mvara, Arua, ninafundisha fasihi siku tatu kwa wiki na siku zinazobaki ninaandika. Ujumbe wake kwenye simu ulikuwa mfupi: "Kuja. Wameleta hesabu."

Karatasi ilikuwa imebandikwa ukutani, karibu na kioo ambacho wasichana hujitazamia magauni. Ilitoka ofisi ya Arua inayosimamia vyumba vya ufundi kama kile. Ilisema kwamba kila mwalimu wa ufundi atafanya mtihani wa hesabu, na asiyefaulu hataruhusiwa kuendelea kufundisha. Chini yake yaliorodheshwa mambo ya kusoma. Sehemu alizijua. Uwiano aliujua kuliko mimi. La tatu liliandikwa kwa Kiingereza kama yote: kutafuta vigawo vya semi za aljebra.

"Hii ya tatu ni nini?" aliniuliza.

"Ni kuchukua kitu kama x², jumlisha 5x, jumlisha 6, na kukirudisha kwenye vitu viwili vilivyozidishana."

"Na mimi nikishona blauzi, x iko wapi?"

Nikafanya kile ambacho kila mtu aliyesoma kidogo hufanya akikosa jibu. Nikachukua kalamu.

Nilimwandikia kanuni kama nilivyoandikiwa mimi. Tafuta namba mbili ambazo ukizizidisha unapata sita, na ukizijumlisha unapata tano. Ni mbili na tatu. Basi andika mabano mawili, x jumlisha mbili, x jumlisha tatu. Mwisho. Aliitazama karatasi muda mrefu, miwani imeshuka puani.

"Kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini izidishe hii na ijumlishe ile? Kwa nini haiko kinyume?"

"Ndiyo kanuni, mama mdogo."

"Ya nani?"

Nataka niseme jambo hapa, kwa sababu hasira yangu ilianza pale, na kwanza ilikuwa juu yangu mwenyewe. Nilikaa shuleni miaka yote ile. Nilifaulu hesabu vizuri, cheti kipo, mama yangu alikiwekea fremu. Nilitafuta vigawo mia, labda mia tano, kwenye madaftari yenye jalada la samawati. Na katika miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza kwa nini, wala mimi sikuuliza, kwa sababu aliyeuliza kwa nini katika darasa letu aliambiwa asimame mpaka kengele. Tulifundishwa kujibu upesi. Nikamfikia mshonaji wa Koboko, mwanamke aliyeacha shule darasa la saba, na swali lake moja likanivua nguo.

Mama mdogo akacheka, akaenda kwenye kabati, akaleta mfuko wa vitambaa.

Lazima nieleze shuka la harusi la ukoo wetu. Msichana akiolewa, mama yake hutoa kitambaa kimoja kikubwa cha mraba, ambacho sisi tunakiita mama. Mashangazi na mama wadogo huleta kanda. Kila ukanda una urefu sawa na ubavu wa mama, na upana wa shibiri moja. Marafiki na majirani huleta vipande vidogo, shibiri kwa shibiri. Halafu mshonaji huviunganisha vyote kuwa shuka moja lenye pembe nne zilizonyooka. Sharti ni moja na halina huruma: hakuna kinachobaki na hakuna kinachokatwa. Ukibakiza kipande cha jirani, atakuja siku ya harusi, ataliinua shuka mbele ya watu, atauliza chake kiko wapi. Nimeona wanawake wakikosana miaka minane kwa ajili ya kipande cha shibiri moja.

Mama mdogo ndiye mshonaji wa mashuka hayo. Hukaa chini na rundo la vitambaa vya watu, na kabla ya kushika sindano anajua kama litatoka au halitatoka. Lisipotoka, humtuma mtu kwa shangazi fulani: ongeza ukanda mmoja, au mwambie yule jirani alete viwili zaidi.

Akatandika mama sakafuni. Akahesabu kanda tano. Akahesabu vipande sita.

"Hii ndiyo x yako kwa x," alisema, akigonga kile kikubwa. "Hii tano ni x moja moja. Hii sita ni shibiri tu. Sasa angalia."

Akaweka kanda tatu ubavuni, kulia. Akaweka mbili chini. Pale pembeni, kulia chini, pakabaki pengo: shibiri tatu kwa shibiri mbili. Akalijaza. Kimoja, viwili, vitatu. Vinne, vitano, sita. Mikono ikabaki mitupu. Shuka likakaa sakafuni na pembe zake nne.

"Nikiweka nne huku na moja huku?" Akazisogeza. "Pengo inataka nne. Inabaki mbili. Jirani wawili wanakuja kunitukana. Nikiweka tano zote upande moja, hakuna pengo, jirani wote sita wanakuja. Kwa hiyo ni tatu na mbili. Haiko ingine."

Nilikaa sakafuni nikatazama. Kanda ndizo zinazojumlishwa, kwa sababu unazigawa pande mbili. Pengo la pembeni ndilo linalozidishwa, kwa sababu lina urefu na upana. Ile kanuni niliyoibeba kichwani kama kifurushi cha mtu mwingine ilikuwa imelala mbele yangu, ya kitenge cha njano na kijani, na ningeweza kuikanyaga.

"Na x ni ngapi?" nilimuuliza, kumjaribu.

"Sijui. Bwana harusi hajanunua kitanda." Wasichana wakaangua kicheko nyuma yetu. "Wewe cheka, lakini ni kweli. Kitanda ikiwa kubwa, mama inakuwa kubwa, kanda inakuwa ndefu. Lakini ni tatu na mbili. Hata anunue kitanda ya gavana, ni tatu na mbili."

Hivyo ndivyo mimi, mwenye cheti kwenye fremu, nilivyofundishwa aljebra.

Tulisoma wiki sita. Kila Ijumaa nilipanda gari kwenda Koboko na kila Jumapili nilirudi Mvara. Alikosea makosa ambayo sidhani mwalimu wa hesabu amewahi kuyaona. Wiki ya kwanza majibu yake yote yalizidi kwa moja kila upande. Palipotakiwa x jumlisha tatu aliandika x jumlisha nne, palipotakiwa mbili aliandika tatu. Nilipitia daftari zima bila kuelewa, maana kosa lilikuwa lilelile ukurasa hadi ukurasa, safi kama tarizi.

"Hii moja inatoka wapi?"

"Mshono inakula moja," alisema. "Utaunganisha na nini? Mate?"

"Mama mdogo, kwenye aljebra kitambaa hakina mshono."

Alinitazama kwa huruma kubwa. "Basi nguo yao itafumuka."

Lakini aliacha kuongeza mshono. Tulipofika kwenye kutoa nilijua tutakwama, kwa sababu hapo ndipo mimi mwenyewe nilikwama nikiwa mtoto, na nilitolewa hapo kwa kukariri tu. x², toa 5x, jumlisha 6. Utawezaje kutoa ukanda ambao haupo? Alifikiri kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Kisha akachukua mama, akakunja upindo wa shibiri tatu ubavuni, akakunja upindo wa shibiri mbili chini, akanionyesha pembe.

"Kutoa ni upindo. Hapa nimekunja kanda tatu, hapa nimekunja mbili. Lakini angalia pembeni, imekunjwa mara mbili. Nimeitoa huku, nikaitoa tena huku. Ni dhambi kumtoza mutu kitu moja mara mbili. Rudisha sita."

Hasi mara hasi ni chanya. Nilikuwa nimeisema sentensi hiyo maisha yangu yote kama mtu anavyosema amina.

Sasa nikiri kosa langu. Wiki moja kabla ya mtihani nilimwambia asichore mashuka kwenye karatasi. Nilimwambia wasahihishaji hawapendi michoro, watadhani anacheza, aandike mabano tu na kanuni kama kwenye vitabu. Nilimwambia hivyo kwa nia njema, na nia njema hiyo ndiyo inayonichoma hadi leo. Nilikuwa nimeuona uelewa wenyewe sakafuni, halafu nikamwambia mwenye nao aufiche ili afanane na sisi tusioelewa.

Alitii. Mtihani ulifanyikia ukumbi mmoja Koboko, asubuhi ya Jumamosi, walimu wa ufundi wa wilaya wakiwa kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Alipotoka alikuwa ametulia.

"Ilikuwa sawa," aliniambia. "Moja tu haitoki. Nimewaandikia haitoki."

Sikulifikiria sana. Matokeo yalikuja baada ya majuma matatu, yakabandikwa palepale penye kioo. Mwalimu wa useremala, mwanamume mnene mcheshi ambaye karakana yake inapakana na chumba cha cherehani, alifaulu. Mwalimu wa matofali alifaulu. Mama mdogo alipungukiwa na alama mbili. Lile swali alilosema halitoki lilikuwa la alama mbili.

Aliyekuja kumpa pole alikuwa yule seremala, kofia mkononi.

"Dada, wewe uliandika nini ile namba saba?"

"Niliandika haitoki. Na wewe?"

"Mimi niliandika x na saba, x na moja."

"Kwa nini?"

"Saba haiko na kitu ingine. Ni saba na moja tu."

"Sawa. Na kanda nane umetoa wapi?"

"Kanda gani?"

Seremala akavaa kofia yake. "Dada, mimi nilitaka tu wanipitishe," alisema, na kwa kweli sikumlaumu.

Swali la saba, kama lilivyochapwa, lilisema: x², jumlisha 6x, jumlisha 7. Mtu yeyote anaweza kujaribu. Ukigawa kanda sita kuwa tano na moja, pengo linataka vipande vitano, na viwili vinabaki. Ukizigawa nne na mbili, pengo linataka vinane, na kimoja kinapungua. Tatu na tatu, linataka tisa. Kwa namba kamili hakuna shuka pale. Jibu pekee la kweli ni lile aliloliandika. Aliyetunga swali bila shaka alikusudia 8x, kidole kikapiga sita, na hakuna aliyelijaribu kabla ya kulipeleka kwenye madawati.

Kuchapa vibaya si dhambi. Mimi ninaishi kwa kuchapa, ninajua. Kilichonipandisha damu ni kingine. Kila aliyeandika jibu la uongo alipewa alama, kwa sababu uongo wake ulifanana na karatasi ya majibu. Aliyesoma kilichoandikwa, akakijaribu kwa njia zote, akasema kweli, alinyimwa. Na kwa alama hizo mbili chumba chenye cherehani tisa kingepewa mtu mwingine.

Tulikwenda Arua siku ya Jumanne. Alivaa gauni lake la sherehe, zambarau, akajifunga mtandio kichwani kama anakwenda maulidi, na mkononi akabeba mfuko wa vitambaa. Pale barabara inapoingia mjini, wafanyabiashara wa Kongo wakiwa wanapakua marobota ya vitenge, alitazama dirishani akasema, kama anajisemea, "Ile ya bluu itatoa rangi."

Ofisi ilikuwa chumba kidogo chenye meza kubwa. Mwenye meza alikuwa kijana, pengine wa umri wangu, shati limepigwa pasi, kitambulisho shingoni. Alikuwa mpole, na upole wake ulikuwa wa aina inayochosha kuliko ukali. Alitukaribisha viti, akamwita mama mdogo "mama", akaitoa karatasi yake kwenye faili bila kutafuta. Kando ya swali la saba palikuwa na msalaba mwekundu. Chini yake mwandiko wa mama mdogo, mviringo, wa mtu aliyejifunza kuandika kwa chaki juu ya kitambaa: Haitoki. Inabaki 2 ama inapungua 1. Msahihishaji alikuwa amepigia mstari maneno hayo na kuandika pembeni kwamba lugha ya mtihani ni Kiingereza.

"Mama, hapa hukujibu," alisema kijana.

"Nilijibu. Iko pale."

"Jibu ni x jumlisha saba, x jumlisha moja. Ndivyo karatasi ya majibu inavyosema."

Nikafungua mdomo. Mama mdogo akaniwekea mkono gotini, akasimama. Akaomba ruhusa kwa heshima yote, akasogeza kikombe cha chai cha kijana, akasogeza mihuri, akatandika mama juu ya meza. Akahesabu kanda sita kwa sauti. Akahesabu vipande saba kwa sauti. Akamwonyesha mara moja tu, kwa maneno kumi, kanda zinakaa wapi na vipande vinakaa wapi.

"Sasa wewe tengeneza, mwalimu," alisema. "Mimi nakaa."

Nitamtendea haki yule kijana: alijaribu. Mwanzoni alitabasamu kama mtu anayecheza na mtoto. Aliweka tano na moja, akabaki na viwili mkononi. Akaweka nne na mbili, akatafuta kipande cha nane chini ya faili. Akavua saa. Akaweka tatu na tatu, akazirudisha. Chai yake ikaota utando. Kwa dakika kadhaa hakuwa ofisa wa mtu yeyote, alikuwa mtu anayefikiri, na uso wake ukawa mzuri. Nilianza kumpenda. Nikasema moyoni, tumepona.

"Haitoki," alisema taratibu.

"Haitoki," alisema mama mdogo.

"Na ile saba na moja?"

"Saba na moja ni kanda nane. Hapa uko na sita. Mbili nitoe wapi, niibe kwa harusi ya jirani?"

Alicheka, kweli alicheka. Halafu akavaa saa yake, na nikaona ile sura nzuri ikiondoka.

"Mama, nimekuelewa. Lakini hii karatasi ya majibu imeshasainiwa. Nikisema swali lina kosa, lazima wote wasahihishwe upya, na wengine walioshinda watashindwa. Barua zimeshatoka. Unaona shida?"

"Shida yako naiona," nilisema mimi. "Yake unaiona?"

"Wenzake walielewa kilichokusudiwa."

"Walielewa nini? Hawakujaribu hata mmoja."

"Madamu, walijibu."

Nilikuwa na maneno mengi siku hiyo. Niliyasema yote, mengine mara mbili. Nilimwambia kwamba amepima watu kwa futi iliyovunjika, na aliyeona kwamba imevunjika ndiye anayefukuzwa. Nilimwambia kwamba ametoka kulitafuta jibu kwa mikono yake mwenyewe na hakulipata. Alinisikiliza, akitikisa kichwa kwa adabu. Nilipoishiwa pumzi alivuta droo, akatoa fomu.

"Kuna njia," alisema. Na alisema kwa furaha, kama mtu anayetoa zawadi. Fomu ilikuwa ya mtahiniwa anayeomba kusahihishwa upya. Mama angejaza kwamba hakuelewa swali la saba vizuri. Halafu angeandika pale chini, kwa mkono wake, jibu lililo kwenye karatasi ya majibu. Yeye angeongeza alama mbili leo hii, angegonga muhuri, na mama angerudi Koboko kufundisha kesho. "Hakuna atakayeuliza," alisema. "Ni sentensi moja tu, mama, na mabano mawili."

Akamwekea kalamu juu ya kitambaa, katikati ya kanda.

Hapa ndipo ninapoona aibu, na nimejiahidi kuandika yaliyotokea. Nilimwinamia mama mdogo nikamnong'oneza, "Andika tu. Wewe unajua ukweli, mimi najua, hata yeye anajua. Fikiria wasichana."

Aliichukua kalamu. Aliishika kama anavyoshika chaki, kidole cha shahada juu. Aliitazama ile fomu, akatazama vitambaa mezani, na midomo yake ikawa inacheza kidogo. Nilijua anahesabu tena. Hata sasa, hata pale, alikuwa akiwapa nafasi ya mwisho, huenda kuna namna ya kuzipanga aliyoipita.

"Mimi nawafikiria," alinijibu, kwa sauti ya kawaida, isiyo ya kunong'ona. "Kesho msichana wa Abuku ataniletea kanda sita na atasema nane, nitamwambia nini?"

Alimgeukia kijana.

"Mwalimu, mimi sikuja kuomba mbili. Nilikuja uweke tiki kwa ile nimeandika."

"Siwezi, mama."

"Umejaribu mwenyewe."

"Nimejaribu. Siwezi."

"Haya."

Aliirudisha kalamu mahali pake, sambamba na ukingo wa meza. Akamshukuru kwa kiti. Akarekebisha mtandio wake. Mimi nilikuwa nimeanza tena, nimesimama, nimeinua sauti, nataka jina la mkubwa wake, nataka barua, nataka kila kitu, na mikono yangu ikawa inaokota vipande kutoka mezani bila mpango, kimoja, viwili, vitatu. Kijana alikuwa akiniambia nitulie. Nilifika kipande cha saba nikageuka kumpa mama mdogo, na mama mdogo alikuwa ameshafika mlangoni. Alikuwa ameacha mfuko. Alitoka bila kuangalia nyuma, na kwa mkono uleule uliopima watoto wa wilaya nzima aliuvuta mlango wa ofisi, polepole, hadi ukafungika.